Zimwi Halihitaji Waya
Nchini Marekani, Chiller, stesheni ya sinema za kutisha, ilizaliwa Machi 2007, ikafa Desemba 2017. Watazamaji walihamia intaneti, makampuni ya televisheni ya waya yakaitupa, mwenyewe akaifunga.

Nami nayakumbuka masimulizi ya aimu, mazimwi ya Ukambani, tuliyoyasikia jikoni kwa nyanya. Hayo hayakudai ada ya mwezi. Yalidai msimulizi tu. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alichapisha baadhi yake mwaka 1966. Je, yaliyosalia yatahifadhiwa na nani? Walimu wa Kitui na Makueni, wakati wa likizo watumeni wanafunzi kwa wazee, daftari mkononi. Nyanya akishazikwa, hakuna kampuni iwezayo kuifungua upya stesheni yake.