Tusiwaamshe Waliolala



Juma hili naomba tutafakari pamoja jambo ambalo kwa wengi wetu litaonekana dogo: namna tunavyomkaribia mnyama wa porini tunapokwenda kumtazama. Nimelileta kwa sababu mimi mwenyewe nilikosa, na kosa lisilokiriwa huzaa jingine.

Nilikuwa Pemba pamoja na wageni wachache waliotoka bara. Walikuwa wamesikia habari za popo wa Pemba, yule popo mkubwa ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani ila katika kisiwa hiki, nao wakatamani kumwona. Tukaongozwa na mzee mmoja hadi kwenye kijisitu chenye miti mirefu. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Juu yetu walining'inia popo kwa mamia, vichwa chini, kila mmoja amejifunga mabawa yake kama mtu aliyejifunika shuka. Wengine walikuwa wakijipepea taratibu kwa ajili ya joto. Nyuso zao zina manyoya ya rangi ya kahawia iliyokolea wekundu, na macho yao ni makubwa, yenye utulivu. Bawa moja lilipofunguka na kufunga tena, wageni wangu walinyamaza kimya kwa mshangao.

Lakini kimya hicho hakikudumu. Mmoja wao alikuwa na kamera, na popo aliyelala hatoi picha ya kupendeza. Akaniomba nimwombe mzee awashtue ili waruke. Mzee akatabasamu, akanijibu kwa upole, "Hawa wamelala, Padri. Nawe ukilala mchana hupendi kupigiwa makofi mlangoni." Nilimwelewa. Hata hivyo sikutaka wageni warudi bila kuridhika, nikasema, "Mara moja tu, mzee wangu." Yeye hakupiga makofi. Niliyepiga ni mimi.

Miti ikafumuka. Anga likajaa mabawa na kelele, na kamera ikafanya kazi yake. Kisha kitu kidogo kikaanguka kwenye majani, hatua chache kutoka tuliposimama. Kilikuwa ni kitoto cha popo. Mama yake alikuwa amekibeba kifuani, na katika mruko ule wa ghafla kikaponyoka. Mzee akakifunika kwa kitambaa, akakiinua, akakiegemeza kwenye shina la mti ambapo kingeweza kushika, kisha akatuomba tuondoke upesi ili mama apate nafasi ya kurudi. Kama alirudi, sikuona. Njiani hakuna aliyezungumza sana, wala mzee hakunilaumu. Nadhani angenilaumu ningeumia kidogo zaidi ya hapo, na pengine ningepona mapema zaidi.

Ndugu zangu, ili tuelewe uzito wa makofi yale, yatupasa kujua popo hawa wametoka wapi. Jamaa zao wa kundi la Pteropus wako Madagaska, Komoro, Asia na visiwa vya bahari ya Hindi na Pasifiki, lakini Afrika bara hawako. Wa Pemba alipewa jina la kitaalamu mwaka 1909, kwa heshima ya Mjerumani Voeltzkow aliyekusanya viumbe wa kisiwa hiki. Mabawa yake yakitandazwa hufika yapata mita 1.6, lakini mwili wenyewe haufiki kilo moja. Hana silaha. Hula matunda, maua na majani: maembe, mashelisheli, matunda ya mikuyu. Usiku huruka mbali, akasambaza mbegu na kubeba chavua kutoka ua hadi ua. Mti unaoota mahali ambapo hakuna mtu aliyeupanda, mara nyingi una mkulima wa namna hii.

Karne ya kumi na tisa ilileta mikarafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mashamba ya Unguja, Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa na ikawa kitovu cha karafuu, nayo misitu ya asili ikazidi kupungua. Leo Ngezi, kaskazini-magharibi, ni kumbukumbu ya kile kilichokuwapo. Zaidi ya hayo, popo waliwindwa kwa ajili ya nyama. Kufikia mwaka 1989 walioonekana walikuwa wachache sana, wametawanyika huku na huko, na wataalamu walihofu kwamba wangetoweka kabisa.

Hawakutoweka. Katika miaka ya 1990 shirika la Fauna & Flora International lilishirikiana na watu wa visiwani, na vijiji vikaunda vilabu vya kuwalinda. Watoto walifundishwa shuleni kwamba popo huyu ni wao na si wa mtu mwingine. Kidike, kati ya Chake Chake na Wete, wanakijiji wakageuka wenyeji wa wageni wanaokuja kumtazama popo. Kufikia mwaka 2008 idadi yao ilikadiriwa kuwa angalau 22,100, nao wakaondolewa katika daraja la walio katika hatari kubwa kabisa, wakawekwa katika daraja nafuu zaidi, ingawa bado wamo hatarini. Tena kuna jambo linalonigusa: baadhi ya makundi yao hulala katika miti ya makaburi ya kale. Watu waliiacha miti ile kwa heshima ya wafu wao, na heshima hiyo ikawahifadhi walio hai.

Basi, tujiulize: je, mtu anayelipa kiingilio ili awatazame, kisha akawashtua apate picha, amewatendea tofauti gani na mwindaji? Mtaniambia kwamba mwindaji huua, na mtalii haui. Ni kweli, naye kiingilio chake husaidia kijiji kuulinda msitu. Sipingi utalii, bila hao wageni, huenda shoka lingerudi. Lakini popo anayerushwa mchana katika joto hupoteza nguvu alizotafuta usiku kucha. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa wakati, na mtoto akianguka, mwaka wake wote umeanguka naye. Makofi ya mgeni mmoja si kitu. Makofi ya kila mgeni, kila siku, yanatosha kulihamisha kundi zima.

Hata penye mapenzi mema, ukaribu una madhara yake. Jane Goodall alipofika Gombe mwaka 1960, sokwe walimkimbia kwa miezi mingi. Baadaye wakaanza kulishwa ndizi ili waonekane kwa karibu, na ugomvi baina yao ukaongezeka kwa ajili ya chakula hicho. Yeye mwenyewe, kabla ya kufariki mwaka 2025, alikiri kwamba njia ile haikuwa nzuri. Mwaka 2002 sokwe mmoja aitwaye Frodo, aliyekwisha zoea watu, alimnyakua mtoto mchanga wa binadamu msituni humo na kumuua. Magonjwa ya kifua ya binadamu nayo yamewaua sokwe. Ndiyo sababu Uganda, huko Bwindi, kwa kawaida wageni hukaa na gorila kwa saa moja tu, wakiwa mbali nao, na mwenye mafua huzuiwa kwenda. Popo nao wasishikwe kwa mikono: jamaa zao wa Asia hubeba virusi vya Nipah, vilivyowaua watu huko Bangladesh. Umbali humlinda mnyama, na humlinda mtazamaji.

Hata hivyo, umbali ninaousema si ule wa hofu. Sisi wa pwani tunaijua hofu hiyo. Mwaka 1995 uvumi wa popobawa ulianzia Pemba ukaenea hadi Unguja, watu wakalala nje makundi kwa makundi, usiku baada ya usiku. Popo wa kweli hakuwa na hatia yoyote katika habari ile, ila jina lake tu. Anayemwogopa mnyama bila kumjua hamwoni, na anayemshtua ili ampige picha hamwoni pia. Wa kwanza huona hofu yake, na wa pili huona tamaa yake.

Maoni yangu, basi, ni haya. Kipimo cha ukaribu mwema ni kwamba mnyama aendelee na alilokuwa akilifanya kabla hujafika. Akilala, aendelee kulala. Akila, aendelee kula. Ukiondoka na yeye hakujua ulikuwapo, umemwona vizuri kuliko yule aliyemrusha angani. Naye mwongozaji wa kijiji anayekataa ombi la mgeni anastahili malipo yake yote, pamoja na shukrani, kwa kuwa analinda kesho ya mahali pale. Sisi tunaowaleta wageni tusimweke katika jaribu la kuchagua kati ya dhamiri yake na bahashishi yetu.

Miezi kadhaa baadaye nilirudi kwa mzee yule, peke yangu. Tulikaa chini ya mti mmoja hadi jua likazama. Hatukupiga makofi. Giza lilipoanza kuingia, mmoja alijinyoosha, akajilamba, akaachia tawi. Kisha wa pili, kisha kumi, kisha wote, wakapita juu ya mikarafuu bila haraka, kila mmoja akielekea kwenye tunda lake. Nikamwambia mzee kwamba hiyo ndiyo picha ambayo wageni wangu waliikosa. Akanijibu, "Wangeingoja tu, Padri. Kila jioni huwa ipo."

Nawatakia juma jema.