Waraka kwa Wanachama: Kadi Yako Usiiweke Rehani

Kwa wanachama wote, Kasese na Bwera



Tangu uandikishaji mpya wa Ndaga Muntu, kadi ya utambulisho wa taifa, uanze Mei 2025, vikao vyetu vimegawanyika. Wapo wanaosema serikali ikishachukua alama za vidole na picha ya mboni za macho, mtu hana siri tena. Wengine wanajibu kwamba asiye na kosa hana la kuficha. Jibu hilo silikubali hata kidogo. Mama anayetibiwa hospitali ya Bwera hana kosa lolote, lakini ugonjwa wake si habari ya kusimuliwa sokoni Mpondwe.

Hata hivyo nawasihi mjiandikishe. Sisi tuna ndugu ng'ambo, Kasindi, upande wa Kongo, na lugha yetu ni moja. Hapa mpakani asiye na kadi huambiwa upesi kuwa ni Mkongomani. Bila namba ya kadi hiyo huwezi kusajili laini ya simu, na mzee wa miaka 80 na zaidi hukosa shilingi zake 25,000 za kila mwezi kutoka serikalini. Kwa ajili ya wazee wa namna hiyo, na wajawazito, mashirika ya ISER, Unwanted Witness na wenzao yalifungua kesi Kampala mwaka 2022, kupinga kadi kuwa sharti la kupata huduma.

Wala sisi si watu wa kukataa kuandikwa. Juni 2019, Ebola ilipovuka mpaka ikaingia kwetu, waliokutana na wagonjwa waliandikwa majina na kufuatiliwa, na sababu ilijulikana. Basi tudai sababu kila mahali. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuruhusu kuuliza: taarifa zangu mnazichukua za nini, na nani atazipata?

Linaloniuma zaidi liko mikononi mwetu wenyewe. Wenzetu wanaacha kadi kwa wakopeshaji mpaka deni liishe, na huku nyuma mtoto akiugua au simu ikipotea, wanahangaika kwa kukosa kadi. Fotokopi za kadi nazo tunazigawa ovyo, ilhali zina tarehe ya kuzaliwa, namba, hata kijiji. Acheni, tafadhali.

Chama chetu nacho, kinachotunza fotokopi za wakopaji, kianze kwake. Napendekeza fotokopi za mikopo iliyokwisha kulipwa zirudishwe kwa wenyewe, na zilizobaki zifungiwe kabatini, si kwenye lile boksi la wazi mezani. Kila aliyemaliza kulipa aje na kitabu chake cha akiba kikao kijacho, achukue fotokopi yake.

Katibu