Kivinjari: Mlinzi au Mpelelezi?

Neno 'kivinjari' limetokana na kitenzi vinjari, yaani kuzungukazunguka mahali kwa nia ya kulinda au kupeleleza. Maana hizo mbili ndizo zinazoshindana leo katika tarakilishi.

Chrome, kivinjari kilichozinduliwa na kampuni ya Google mwaka wa 2008, ndicho kinachotumiwa zaidi duniani. Katika kuwazuia wadukuzi, ni mlinzi hodari. Hata hivyo, usalama si faragha. Wengi waliamini kwamba dirisha lake la faragha humficha mtumiaji kabisa. Kumbe hufuta tu kumbukumbu za matembezi yake ndani ya tarakilishi. Tovuti na wenye mtandao huendelea kumwona. Kesi iliyowasilishwa Marekani mwaka wa 2020 iliishia kwa Google kukubali, mwaka wa 2024, kuharibu mabilioni ya rekodi. Mwaka uo huo, kampuni hiyo iliacha mpango wa kuondoa vidakuzi vinavyomwandama msomaji kutoka tovuti hadi tovuti, ilhali Firefox ilianza kuvizuia mwaka wa 2019.

Sababu haihitaji ramli. Google huishi kwa matangazo, na matangazo hushiba habari za watu. Kuitegemea kulinda faragha ni kumkabidhi fisi bucha.

Mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa kutolihukumu neno kabla ya kuona matumizi yake. Neno 'faragha' lililobandikwa dirishani nalo lipimwe kwa kipimo hicho hicho, na kivinjari kichaguliwe, kisipokelewe tu kwa mazoea.