Kiingereza mashariki mwa Kongo: tuache kuadhibu Kiswahili darasani

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu alirudi nyumbani na karatasi ya deni. Ana miaka kumi na mbili na anasoma katika shule moja ya binafsi ambayo sitaitaja jina. Pale, mwanafunzi akisikika anasema Kiswahili saa ya Kiingereza, analipa franka 500 za Kongo kila mara. Siku hiyo alishikwa mara tatu. Nilimwuliza alikuwa anasema nini, naye akajibu: « Nilikuwa namwuliza mwenzangu, mwalimu amesema nini? »

Mama yake alilipa. Wazazi wengi wanalipa bila kuuliza, kwa sababu wanaamini kwamba hiyo ndiyo njia ya kujua Kiingereza haraka. Wakubwa kati yetu wanakumbuka « symbole », kile kitu ambacho mtoto alivalishwa shingoni akisema lugha ya nyumbani badala ya Kifaransa. Symbole imerudi, ila sasa inalipwa kwa pesa na inatetea Kiingereza.

Tuseme ukweli, haja ya Kiingereza ni kubwa. Tarehe 8 Aprili 2022, kule Nairobi, nchi yetu ilisaini mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwezi wa saba mwaka huo ikawa mwanachama kamili. Katika mkataba wa Jumuiya, Kiingereza ndiyo lugha ya kazi za ofisi, na Kiswahili kimepewa nafasi ya lugha ya mawasiliano ya raia. Mfanyabiashara wa Butembo anayefuata mali Dubai au Guangzhou hazungumzi Kifaransa na Mchina. Kijana wa Goma au Bukavu anayetafuta kazi katika mashirika ya kiutu anakuta Kiingereza kwenye tangazo kabla hajafika kwenye mstari wa diploma. Na kuna watoto wetu waliokimbilia Uganda, kule Nakivale, Kyaka II na Kyangwali, ambao leo wanasoma hesabu kwa Kiingereza wakati mwaka jana walikuwa wanaisoma kwa Kifaransa. Sina ugomvi na anayetaka Kiingereza. Ninagombana na namna tunavyokifundisha.

Wanaochunguza mafundisho ya Kiingereza duniani wamegeuza mawazo kwa miaka hii thelathini, na habari hiyo bado haijafika kwenye madarasa yetu mengi. Zamani mafundisho yalikuwa haya: mwalimu azungumze Kiingereza tupu, lugha ya mama ibaki mlangoni. Leo watafiti wengi wanasema kinyume. Wazo lilianzia Wales, sehemu ya Uingereza yenye lugha yake. Mwaka wa 1994 mtafiti Cen Williams alieleza jinsi wanafunzi wanavyoweza kusoma jambo kwa Kiingereza na kulijadili kwa Kiwelshi, au kinyume chake, na kupitia hapo wakalielewa vizuri zaidi. Baadaye Ofelia García, profesa wa New York, alilieneza wazo hilo kwenye kitabu chake cha mwaka wa 2009. Kwa maneno mafupi, wanasema mtu mwenye lugha mbili au tatu hana masanduku mawili au matatu kichwani. Ana mali moja, na anapojifunza kitu kipya anachota popote.

Sisi wa mashariki tunapaswa kufurahia wazo hilo kuliko watu wengi, kwa sababu tuna Kiswahili na Kifaransa pamoja, na kila kimoja kinasaidia mahali ambapo kingine kinadanganya. Nitoe mifano.

Mwalimu anataka kueleza tofauti ya « I ate » na « I have eaten ». Akipitia Kifaransa, atakwama, kwani yote mawili yanaweza kuwa « j'ai mangé ». Ndiyo maana hata watu wenye diploma za chuo kikuu wanaandika « I have seen him yesterday », wakidhani wanafasiri sawasawa. Lakini Kiswahili kina njia mbili tayari: « nilikula jana » na « nimeshakula ». Mtoto wa Uvira hawezi kusema « nimeshakula jana ». Anaijua tofauti hiyo tangu hajaingia shule. Dakika mbili za Kiswahili zinamaliza kazi ambayo nusu saa ya Kiingereza tupu haiimalizi.

Au chukua « he » na « she ». Kiswahili kina « yeye » tu, kwa baba na kwa mama, na ndiyo sababu wanafunzi wetu wanasema « my mother, he is sick ». Hapa Kifaransa, chenye « il » na « elle », ndicho kinachosaidia. Mwalimu anayejua kosa linatoka wapi hamcheki mtoto. Kisha kuna maneno ya Kifaransa yanayofanana na ya Kiingereza bila kuwa ndugu: mtu anasema « I assisted at the meeting » akitaka kusema alihudhuria, wakati kwa Kiingereza « assist » ni kusaidia. Anatafuta « library » akitaka kununua kitabu, anaelekezwa mahali pa kuazima. Makosa hayo hayatoki kwenye Kiswahili hata kidogo! Lakini sijasikia shule inayotoza faini kwa ajili ya Kifaransa.

Majirani wetu wametupa somo ambalo tunaweza kulisoma bila kulipa. Mwaka wa 2008 Rwanda iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na walimu waliosomea Kifaransa wakajikuta wanafundisha kwa lugha ambayo wengi hawakuimudu. Watafiti wa chuo kikuu cha Bristol, Uingereza, pamoja na wenzao wa Rwanda, walijaribu vitabu vingine kwa wanafunzi wa mwaka wa nne wa msingi: Kiingereza chepesi, picha nyingi, maneno magumu yakielezwa kwa Kinyarwanda, na kazi za kujadili kwa Kinyarwanda kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Waliotumia vitabu hivyo waliendelea vizuri kuliko wenzao. Tanzania nako kulifanyika kazi ya namna hiyo kwa kutumia Kiswahili, kwa wanafunzi wanaoingia sekondari, ambako lugha inabadilika ghafla. Hatuhitaji hata kufasiri matokeo yao, maelezo ya vitabu hivyo ni kwa lugha yetu.

Wazazi wana jibu, nami nalisikia. Wanasema: mtoto wangu hasikii Kiingereza nyumbani wala sokoni, saa yake pekee ni ile ya darasani, mkiijaza Kiswahili atakisikia wapi? Wana haki. Tena kuna walimu wanaojificha nyuma ya Kiswahili kwa sababu Kiingereza chenyewe hawakijui. Wanaandika ubaoni, wanafasiri, saa inaisha, hakuna mwanafunzi aliyefungua kinywa. Hakuna mtafiti anayetetea hilo. Kiswahili ni cha kueleza, kulinganisha, kumwuliza mwenzako usipoelewa. Muda wa kuzungumza ukifika, wazungumze Kiingereza, kibaya au kizuri. Kinachonikera ni faini, kwani mtoto anayeogopa kulipa hazungumzi Kiingereza zaidi. Ananyamaza.

Kuna pia biashara ya lafudhi. Katika miji yetu vituo vya Kiingereza vimeota kama uyoga, na vingine vinauza « sauti ya Kimarekani ». Mwaka wa 2000 Jennifer Jenkins, mtafiti Mwingereza, alitoa kitabu kuhusu matamshi ya watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa wanapozungumza wao kwa wao. Alitafuta ni makosa yapi yanavunja maelewano na yapi hayana madhara. Ile « th » inayotutesa, hata tukisema « zis » badala ya « this », haizuii kueleweka. Lakini ukichanganya « ship » na « sheep », sauti fupi na ndefu, umeuza kondoo mahali pa meli. Mtu anayevuka Kasindi kwenda Mpondwe atazungumza na Mganda, si na mtu wa Texas. Kwa nini alipie dola za miezi sita kujifunza kupindisha ulimi, wakati bado hawezi kueleza bei ya mzigo wake?

Halafu wingi wa wanafunzi. Tangu elimu ya msingi itangazwe kuwa bure mwezi wa tisa 2019, madarasa yamejaa, na vita vimeongeza watoto waliohama juu ya waliokuwepo. Kwa muda mrefu vitabu vya mafundisho viliandikwa kana kwamba kila mwalimu ana wanafunzi ishirini na mashine ya kutoa kopi. Si kwamba hakuna aliyeona: Michael West, aliyefundisha Bengal, aliandika mwaka wa 1960 kitabu kizima juu ya kufundisha Kiingereza katika hali ngumu. Lakini ni hivi karibuni tu jambo hili limekuwa uwanja kamili wa utafiti, na mmoja wa wanaoongoza ni Mwafrika wa Kamerun, Harry Kuchah Kuchah. Yeye mwenyewe alifundisha darasa la vijana zaidi ya 200 bila vitabu vya kutosha. Aliwagawa katika vikundi, akawaomba walete maandishi ya Kiingereza waliyoweza kupata, na hayo yakawa kitabu chao. Kutoka hapo ikajengwa njia ya utafiti ninayoipenda: usiende kwa mwalimu na orodha ya makosa yake, mwulize siku gani somo lake lilienda vizuri, na kwa nini.

Nimekutana na walimu wa aina hiyo hapa kwetu. Mmoja alikuwa anafundisha watoto waliohama, chini ya turubai, akitumia mifuko ya msaada kama kitabu cha kusoma: uzito, nchi ilikotoka, neno « not for sale ». Hakuna inspekta aliyemwuliza alijifunza wapi.

Sasa nifike mahali panapouma. Tunaweza kubadilisha walimu wote, lakini Mtihani wa Taifa utabaki ulivyo. Kwenye Exetat, siku ya lugha, mwanafunzi anasoma maandishi ya Kiingereza na kuchagua jibu moja kati ya mengine. Hasemi neno wala haandiki sentensi. Basi mwalimu wa mwaka wa mwisho, mtu mwenye akili, anafanya nini? Anafundisha kuchagua jibu. Na watafiti Dianne Wall na Charles Alderson waliokwenda Sri Lanka walikuta jambo jingine: mtihani mpya ulibadilisha kile ambacho walimu wanafundisha, lakini haukubadilisha namna wanavyofundisha. Kazi yao ilitoka mwaka wa 1993. Maana yake kwetu ni kwamba hata Kinshasa ikiongeza leo sehemu ya kuzungumza au kuandika kwenye Exetat, jambo ninaloliunga mkono, bila kumfundisha mwalimu na kumlipa vizuri tutapata somo la kukariri majibu ya kuzungumza.

Kuhusu simu na akili bandia, ambazo vijana wananiuliza kila siku, nitasema kidogo tu. Tangu ChatGPT ilipotoka mwezi wa kumi na moja 2022, tafiti zimemiminika, na nyingi zinatoka mahali ambako umeme haukatiki. Anayeweza kununua mega azitumie kwa mazoezi. Darasa la watoto 90 haliwezi kungoja hayo.

Ninachowaomba wakurugenzi na maprefe wa shule ni jambo dogo lisilogharimu franka moja: futeni faini. Na wewe mzazi unayetaka kulipa dola kwenye kituo cha Kiingereza, omba kwanza kuketi nyuma ya darasa dakika kumi na tano. Usisikilize lafudhi ya mwalimu. Hesabu ni wanafunzi wangapi wamefungua kinywa. Dada yangu amefanya hivyo wiki iliyopita, mahali pale pale alipolipa zile franka 1.500. Alihesabu wawili, kati ya arobaini na sita.