Mama wa Nkubu Naye Aketi Ufuoni

Desemba ikiingia, boma lenye mwana ughaibuni hujulikana kwa mbali. Ua umepunguzwa, lango limepakwa rangi, viti vya kukodi vimepangwa chini ya mparachichi. Mwana ametua jana kutoka Minnesota au Doha, na likizo yake ni wiki tatu tu. Kufikia saa nne asubuhi amekwisha kumsikiliza mjomba mwenye shida ya karo, kamati ya kanisa yenye shida ya mabati, jirani anayeuza ploti karibu na Makutano, na binamu watatu wanaouliza viza hupatikana vipi. Mama yake, aliyemngoja miaka sita, yuko jikoni anaponda mukimo. Atampata usiku, tayari amesinzia kitini.

Ndiyo maana wazo la kuwachukua wazazi Nkubu au Runyenjes na kuwapeleka Pwani siku nne tano halifai kuchekwa. Nalo huchekwa sana. Wazee wenzao husema ni maringo. Shangazi hupiga hesabu ya mifuko ya saruji ambayo pesa hizo zingenunua. Kuna hata wanaouliza, kwa uso mkavu kabisa, mtu wa mlimani anatafuta nini kwenye maji ya chumvi.

Anatafuta mtoto wake. Ufuoni hakuna kamati, hakuna mgeni anayebisha hodi akiwa na kadi ya mchango, na mwenye ploti hawezi kumfuata mtu mpaka Bamburi. Kwa mama wa Meru au Embu, bahari ndiyo mahali pekee ambapo mwana huyo anaweza kukaa karibu naye kuanzia chai ya asubuhi hadi jua kuzama bila kugawanywa vipande.

Takwimu za Benki Kuu ya Kenya zinaonyesha kwamba mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, zaidi ya nusu yake kutoka Marekani. Fedha hizo zimesomesha, zimetibu, zimejenga nyumba za mawe kutoka Maua hadi Siakago. Lakini pesa hufika kwa simu dakika moja, aliyezituma hafiki. Mzazi anayeishi ndani ya nyumba nzuri aliyojengewa na mtu asiyemwona ana haki ya kudai kitu kingine kisichoezekwa kwa mabati.

Na kwa Wameru hasa, hoja kwamba bahari si yao haina mashiko. Masimulizi yao ya asili yanaanzia kisiwani, Mbwaa, walikotawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntuni, yaani nguo nyekundu, mpaka kiongozi wao Koomenjoe akawatoa kwa kuvuka maji usiku. Mwanahistoria Mmarekani Jeffrey Fadiman, aliyeyakusanya masimulizi hayo kutoka kwa wazee, alikihusisha kisiwa hicho na Manda, karibu na Lamu. Mzee aliyelelewa kwa hadithi hiyo akisimama ufuoni wakati wa bamvua, maji yamekupwa, akaona watoto wanatembea kwa miguu mahali palipoelea mashua asubuhi, huenda akanyamaza kidogo.

Watu wa Embu hawana Mbwaa, ila wana mto. Rupingazi hupita kando ya mji, huingia Thiba, Thiba huingia Tana, na Tana hutelemka kupitia mabwawa ya umeme hadi Kipini, baharini. Mama aliyefua nguo Rupingazi tangu usichana ameipelekea Bahari ya Hindi povu la sabuni miaka yote hiyo. Kwenda kuiona mara moja si maringo.

Safari yenyewe, hata hivyo, huharibiwa kwa urahisi, na mara nyingi mharibifu ni mwana. Anafika na ratiba iliyojaa kama daftari la hospitali: Fort Jesus asubuhi, Haller Park adhuhuri, mashua jioni, kesho Wasini. Baba, ambaye hajavua koti tangu stesheni ya treni ya Miritini, anavumilia kimya. Mama anavimba miguu. Siku ya tatu wote wanatamani kurudi nyumbani kupumzika.

Kosa la pili ni hoteli ya fahari. Wazazi wanaletwa mbele ya meza ya vyakula arobaini wasivyovijua majina, wanachukua wali na kipande cha kuku, halafu mama anafunga mkate kwa kitambaa na kuuingiza mkobani kwa sababu umelipiwa. Nyumba ndogo ya kukodi inawafaa zaidi, kwa sharti moja: mama asiguse sufuria. Akipika yeye, basi amehamishiwa tu jiko lake kwenye joto zaidi. Mahamri na mbaazi za nazi hupatikana kila asubuhi, viazi karai kila jioni, na mwana aliyeishi peke yake ng'ambo miaka sita bila shaka amejifunza kukaanga yai.

Wanaosema ni mambo ya matajiri nao wapige hesabu upya. Tangu Januari 2024 tiketi ya daraja la kawaida ya treni ya SGR, Nairobi hadi Mombasa, ni shilingi 1,500. Watu watatu kwenda na kurudi ni shilingi 9,000, na Tsavo pamoja na ndovu wake huonekana dirishani bila malipo ya ziada. Feri ya Likoni haimtozi anayevuka kwa miguu. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wenyeji huuita Pirates, uko wazi kwa yeyote mwenye leso ya kukalia.

Kuhusu majira, Desemba ndiyo mbaya kuliko zote. Kahawa inachumwa, nauli zimepanda, ufuo umefurika, na joto la kaskazi humsumbua mzee mwenye presha aliyezoea hewa ya mlimani. Agosti, wakati Meru imefunikwa na ukungu na baridi, Pwani ina upepo wa kusi na mchana unaovumilika. Mwani huwa mwingi ufuoni, ni kweli, lakini nani alisema mama anataka kuogelea? Ataingia hadi magotini, akiwa ameshikilia mkono wa kijana wake na leso yake, na hiyo itamtosha mwaka mzima.

Neno moja kwa wazee wa Mbeere wanaopenda kusafiri na kifurushi mfukoni. Mwaka 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka, yale majani ya kutafuna, na ingawa Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha amri za Mombasa na Kilifi, wazazi wengi wa Pwani bado wana uchungu na muguka. Mgeni mwenye adabu ataiacha nyumbani.

Linalobaki ni baba na mwana. Kwa miaka mingi mazungumzo yao yamekuwa ya ng'ombe, mpaka wa shamba na bonasi ya majani chai ya Oktoba, tena kwa simu inayokatika. Wakiwekwa juu ya mchanga bila ng'ombe wala mpaka, siku ya kwanza hawana la kusema. Siku ya pili wanabishana kuhusu dafu lipi lina nyama laini. Ya tatu, koti linavuliwa. Kwa sababu hiyo siku mbili hazitoshi, na mwana anayepanga kuja Agosti na akate likizo yake sawasawa: wiki moja ya ukoo, kanisa na michango, kisha siku tano za wazazi peke yao, simu ikiwa imezimwa. Tiketi za treni hukatwa kwa *639#, na siku za sikukuu huisha mapema.