Karata Zilezile, Mlango Tofauti

Mwaka 2013, na tena 2018, Atlanta katika jimbo la Georgia ilipokea mashindano ya kiangazi ya briji ya Amerika Kaskazini. Shirikisho la mchezo huo, ACBL, huyaandaa makubwa ya namna hii mara tatu kwa mwaka, kila safari mji mwingine, na hudumu siku zipatazo 11. Kumbi za hoteli hujaa meza ndogo za mraba, watu wanne kila meza, na ukimya wa chumba cha mtihani.

Ukimya huo una sababu. Mchezaji hatamki dau lake, bali hulichomoa kama kadi kutoka kisanduku kilicho kando yake: kijani ni kupita, nyekundu yenye X ni kuongeza dau maradufu. Sauti ingepanda au kusita, mwenzake angepata habari asizostahili.

Baada ya kucheza, karata hazichanganywi. Kila mtu hukusanya zake 13, huzirudisha katika mfuko wake kwenye kikasha cha plastiki chenye mifuko minne, na kikasha huhamia meza nyingine. Mkono mbovu haumwangushi mtu, kwa kuwa wote watakaokaa upande uleule watapewa mkono huohuo, na alama hutoka kwa kuwalinganisha. Aliyeshika ree tatu na turufu tele hasifiwi kwa bahati yake. Hupimwa kwa alichofanya nazo.

Mchezo ulionyooka hivyo ndio uliowafungia watu nje kwa rangi ya ngozi.

Mwaka 1932, huko Buckroe Beach, Virginia, wacheza tenisi Weusi waliunda American Bridge Association, ABA, kwa sababu mashindano mengi ya Wazungu hayakuwapokea. Ilibidi wajitafutie kumbi, waamuzi na vikombe vyao wenyewe. Vizuizi vya mwisho vya uanachama katika ACBL viliondolewa 1967, miaka mitatu baada ya Marekani kupitisha Sheria ya Haki za Kiraia. Kwa miaka 35, basi, mchezaji Mweusi hodari wa Georgia hakuwa na njia ya kujua angefanya nini kwa karata zilezile walizoshika mabingwa wa taifa. Hilo ndilo deni hasa, kubwa kuliko vikombe.

ABA ipo hadi leo, na makao yake yako Atlanta. Wapo wanaohoji kwa nini haijajiunga na ACBL sasa kwa kuwa milango iko wazi. Swali hilo linamkabili asiyehusika. Waliojenga nyumba yao baada ya kufukuzwa kwa jirani hawadaiwi maelezo ya kwa nini bado wanakaa humo. Anayetakiwa kusogea ni jirani.

Na nafasi ya kusogea ipo. Spingold, kombe kuu la kiangazi, liko wazi: timu ya kawaida ikilipa kiingilio inaweza kupangiwa mabingwa wa dunia. Mashindano yakirudi Atlanta, waandaaji wawaite ABA kuyaandaa pamoja nao, tangu kupanga ratiba hadi kuteua waamuzi, na wawafutie kiingilio wanafunzi wa shule za mji huo watakaotaka kukaa mezani.