Tunamuenzi Mekatilili, Wazee Wanauawa

Mwezi wa Agosti, Wagiriama na Wamijikenda wenzao hukusanyika Malindi kumkumbuka Mekatilili wa Menza. Wanawake huvaa hando, wazee wa kaya hutangulia msafara, na bustani yenye sanamu ya shujaa huyo, iliyozinduliwa mwaka 2010, huvuma kwa ngoma. Baadhi ya wasomi wetu huliita tukio hili burudani au kivutio cha watalii. Nakataa. Hilo ni kosa la kitaaluma na, kama nitakavyoeleza, ni kosa linalogusa uhai wa watu.

Tuanze na lugha, maana ndiyo kazi yetu. Katika Kiswahili neno ngoma ni ala, ni mchezo, na pwani ni tiba pia: mgonjwa wa pepo huchezewa ngoma. Neno uzima nalo ni afya, ni ukamilifu, na ndilo linalotupa "mtu mzima". Aliyeunda msamiati huu hakuona mpaka kati ya kucheza, kupona na kuzeeka. Vitabu vyetu vya fasihi simulizi ndivyo vilivyoweka mpaka huo, vikaigawa ngoma katika vipera na kuiacha tiba mlangoni.

Mekatilili mwenyewe hakuutambua mpaka huo. Alikuwa mjane, mtu mzima, alipowakusanya watu mwaka 1913 kwa kifudu, ngoma ya msiba, akiwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Huko Kaya Fungo watu walikula viapo vya kutowatii Waingereza. Oktoba mwaka huo alikamatwa na kupelekwa Kisii. Januari 1914 akatoroka na kurudi kwao. Agosti 1914 Waingereza wakailipua kaya kwa baruti. Mkoloni alielewa vyema kwamba palipokuwa na ngoma na viapo palikuwa na nguvu ya jamii, wala hakupaita mahali pa burudani.

Sasa tazama kinaya. Katika kaunti hiyo hiyo ya Kilifi inayomtukuza mama huyu, wazee wanauawa kwa kushukiwa uchawi. Mvi na macho mekundu hutosha kuwa ushahidi. Mara nyingi nyuma ya tuhuma pana shamba, na anayenyosha kidole ni mwana au mpwa anayetaka kurithi mapema. Wapo wazee waliokimbia miji yao na kuishi katika makao ya hifadhi, mbali na makaburi ya wazazi wao. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, pamoja na kasoro zake nyingi za kikoloni, yenyewe inamhesabu mwenye kumsingizia mwenziwe uchawi kuwa mkosaji. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Panga halisomi katiba.

Kigiriama hutenga uganga na utsai: mmoja huponya, mwingine hudhuru. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tumezoea kuyachanganya, na riwaya zetu nyingi humchora bikizee mwenye hirizi kuwa adui wa maendeleo. Sisemi kila mganga ni mwema. Wapo wapiga ramli wanaowataja wazee kwa malipo, na hao wana damu mikononi. Lakini mzee ajuaye mzizi wa kutuliza homa hastahili kuwekwa kapu moja nao.

Kwa hiyo sherehe za Mekatilili zisiishie kwenye hotuba za wanasiasa, ambazo hata hivyo ni ndefu mno. Wazee waliokimbia wapewe jukwaa wakiwa hai, na kifudu kichezwe kwa ajili ya waliouawa, maana hiyo ndiyo kazi yake ya asili. UNESCO iliziorodhesha mila za kaya mwaka 2009 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Mila hizo zimo vichwani mwa wazee hawa hawa.

Nakiomba chama chetu kipange safari ya Malindi Agosti ijayo. Twende na madaftari, tuketi na wazee wenyewe, na tuanze na majina ya mitishamba na matumizi yake, kwa Kigiriama na kwa Kiswahili, huku jina la kila msimulizi aliyeridhia likiandikwa pale juu ya ukurasa.